Diski Iliyokufa Bila Kuugua

Msimamizi wa zamu wa kituo cha simu za dharura alimsogezea Inspekta kiti kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Inspekta akakikataa. Hakuwa mtu wa kukaa anapofikiri. Kituoni kwake walikuwa wamempa jina la Mama Kwa Nini, ingawa mbele yake wote walimwita afande, na yeye alilijua jina hilo na kulipenda kuliko hata cheo chake.

"Twende tena taratibu," alisema akiizunguka meza. "Jumanne, mgonjwa wa pumu amefia nyumbani akisubiri gari la wagonjwa. Mumewe anasema alipiga simu hapa, akaambiwa gari liko njiani. Gari likafika mke wa mtu ameshakata roho."

"Ndivyo."

"Mpokea simu anasema alikuomba gari papo hapo. Wewe unasema hakukuomba."

"Hakuniomba. Angeniomba ningetuma. Kazi yangu ni hiyo, kutuma magari."

"Na kila neno linalopita kwenye hedifoni za kituo hiki linarekodiwa. Lake na lako."

"Linarekodiwa, afande. Lakini ndiyo hiyo bahati mbaya. Jumatano jioni diski ya sauti ikafa. Taa nyekundu, harufu ya kuungua, nikaichomoa isije ikaunguza na wenzake. Diski namba mbili. Yote nimeandika kwenye taarifa."

"Na sasa iko wapi?"

"Nilimpa mtu wa taka. Kitu kimeungua, niweke ukumbusho?" Alicheka peke yake, kisha akashusha sauti. "Mimi sipendi kumsema mtu. Lakini yule fundi wa mitambo ni shemeji yake mpokea simu. Kamwoa dada yake kabisa. Ufunguo wa vyumba vya mashine tunao wawili, yeye na mimi, na mwenye ujuzi wa kuua diski ni yeye peke yake."

Kwa mtu asiyependa kumsema mtu, alikuwa amemsema fundi tangu asubuhi bila hata kumeza mate. Nje ya kioo cha ofisi yake simu zililia kwenye meza za wapokea simu, moja ikinyamaza nyingine inadaka, na kila mlio ulimkuna Inspekta mahali asipoweza kujikuna. Meza moja katikati ilikuwa tupu. Mwenyewe, yule mpokea simu, alikuwa mahabusu tangu jana, na aliyemtia pingu ni Inspekta huyu huyu, kwa maelezo ya bwana huyu huyu. Saa nane mchana mwendesha mashtaka angelichukua jalada: uzembe uliosababisha kifo, na kula njama ya kuharibu ushahidi. Likishatoka mikononi mwake, kulirudisha ni kazi ya miezi, na mwanamke yule angeingojea miezi hiyo nyuma ya nondo.

Kesi inayokuja imeshafungwa kama zawadi ilikuwa inamkera. Akaomba ufunguo, akaondoka bila kuaga.

Fundi alikuwa kwenye korido ya chini, amechuchumaa ukutani kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Tangu Jumatano jioni alikuwa amepigwa marufuku kugusa mlango wa chumba chochote cha mashine. Alipomwona Inspekta alisimama haraka mpaka kofia ikamdondoka.

"Afande, shemeji yangu anaendeleaje?"

"Ana njaa ila hataki kula. Sikiliza. Leo wewe si fundi, ni mkalimani. Mimi nasoma, wewe unafasiri. Mikono yako iweke mfukoni. Nikiuona mkono kwenye kibodi, tunaongozana."

"Sawa, afande."

"Nikuulize kwanza. Mashine ni ngapi?"

"Mbili. Tunaziita mapacha. Pacha wa Juu yuko ghorofani, Pacha wa Chini yuko humu. Kila sauti inayoandikwa juu inanakiliwa chini saa hiyo hiyo. Mmoja akianguka, mwenzake anabaki na kila kitu."

"Huyu wa juu kaanguka. Mwenzake amebaki na nini?"

Fundi aliangalia viatu vyake. "Sauti za mpaka wiki tatu zilizopita, afande. Baada ya hapo hakunakili kitu."

Inspekta alifungua mlango. Chumba cha Pacha wa Chini kilikuwa chembamba kama jiko la nyumba ya kupanga, na kiyoyozi chake kilitoa baridi ya kusaga meno. Mashine ilisimama kwenye kabati la chuma, na kwa mbele ilikuwa na vidroo vinne, kila kimoja na diski yake, kibandiko cha namba na kijitaa. Vijitaa vitatu vilikuwa vya kijani. Kimoja kilikuwa cha njano, kinakonyeza.

"Nionyeshe logi," alisema, na Fundi, mikono mfukoni, akamwelekeza kwa kidevu pa kubonyeza. Skrini ikajaa mistari. Haya ndiyo maandishi ambayo mashine hujiandikia yenyewe mchana na usiku, bila kumwonea mtu haya: nani ameingia, nini kimefanyika, wapi panauma.

Inspekta alianzia siku ambayo kunakili kulisimama, na hapo roho ikamruka. Mstari ulisema wazi: kunakili kumesimamishwa kwa amri. Na mwenye amri ameandikwa pale pale. Fundi.

"Hili ni jina lako."

"Ni langu."

"Umesimamisha kwa mkono wako."

"Nilisimamisha." Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile. "Afande, usisomee hapo. Rudi nyuma. Soma yaliyotangulia, halafu unifunge ukitaka."

Alirudi nyuma. Mstari: diski 2 imeshindwa kusoma, inajaribu tena. Imefaulu. Siku ya pili yake, vile vile, mara nyingi zaidi. Kisha diski 2 imehamisha data kutoka sehemu mbovu. Kisha joto limepanda. Kisha imeshindwa kusoma, imejaribu tena, imeshindwa. Ukurasa baada ya ukurasa, malalamiko yaliongezeka kama ya mgonjwa anayeanza na kikohozi na kuishia kuita ndugu zake wote kitandani.

"Huyu alikuwa anakufa," Fundi alisema. "Ukiendelea kumwandikia diski anayekufa, anaweza kukuharibia hata kile alichokihifadhi vizuri. Ndiyo maana nikasimamisha, nikaomba diski mpya. Barua ya kwanza nikampelekea Msimamizi, ya pili nikampelekea Msimamizi, ya tatu akaniambia nisimletee tena makaratasi."

"Kila diski inakufa hivi? Na kelele zote hizi?"

"Nyingi, afande. Ziko za kufa ghafla, siwezi kukudanganya. Lakini hata hiyo ya ghafla, mashine itaandika kwamba imeiita haikuitika, ikaita tena, ikaita tena. Haiwezi kukata tamaa bila kuita."

Inspekta alimtazama machoni. Kama mtu huyu alikuwa anaigiza, alistahili kulipwa kiingilio. Lakini neno lake halikumtosha, maana aliyekuwa ndani ni shemeji yake, na watu wamesema uongo mkubwa zaidi kwa ajili ya shemeji. Njia ilikuwa moja: ameshaonyeshwa mauti ya kweli yanavyoandikwa, sasa akasome ya huyo mwingine peke yake.

"Bakia hapa. Usiguse kitu."

Alipanda ngazi mbili mbili. Simu yake ikaita katikati ya ngazi. Alikuwa Mkuu wake.

"Jalada liko tayari?"

"Bado, mkuu."

"Mwendesha mashtaka ameshapiga mara mbili. Nini kimebaki? Mtu tunaye."

"Nasoma logi."

"Unasoma nini?"

"Naomba mpaka saa nane, mkuu. Hamkusema saa saba." Akakata kabla hajajibiwa, jambo ambalo angelilipia wiki nzima.

Pacha wa Juu alikuwa mtulivu mno. Vidroo vinne, vibandiko moja mpaka nne, na cha pili kilikuwa wazi, pengo jeusi kama jino lililong'olewa. Inspekta aliinama akanusa. Alitia pua kabisa. Hapakuwa na masizi wala harufu, na plastiki ya pembeni ilikuwa safi haijajikunja. Akawasha skrini, akabonyeza pale alipofundishwa, akaanza kusoma kuanzia Jumatatu.

Hakuna malalamiko. Akarudi wiki nyuma. Hakuna. Hakuna kujaribu tena, hakuna sehemu mbovu, na joto halikupanda hata nukta moja. Mashine hii ilikuwa na afya ya kuchukiza. Kisha Jumatano jioni, katikati ya ukimya huo: mlango wa kabati umefunguliwa. Na chini yake: diski 1 imeondolewa.

Haikusema imekufa wala kwamba imeitwa ikakataa kuitika. Imeondolewa, ikiwa nzima, kwa mkono wa mtu.

Furaha yake haikudumu. Alitazama skrini, akatazama vidroo. Skrini inasema diski 1. Kidroo kilicho wazi kina kibandiko cha 2. Kile chenye kibandiko cha 1 kilikuwa na diski yake, kijitaa cha kijani kinamwangalia bila aibu. Alihesabu kwa kidole, kushoto kwenda kulia, kisha kulia kwenda kushoto. Haikulingana kwa njia yoyote. Ama logi imechezewa, na wa kuichezea ni Fundi, ama yeye mwenyewe amepotea. Alizunguka chumba kile kidogo mpaka akajigonga goti kwenye kabati, akatukana kimoyomoyo, akashuka tena.

Fundi alikuwa amesimama pale pale, mikono mfukoni kwa utii wa kupindukia. Inspekta alifungua mdomo amkaripie kuhusu logi. Macho yakaangukia kile kijitaa cha njano kinachokonyeza.

Logi ya huku chini ilisema mgonjwa ni diski 2. Kijitaa cha njano kilikuwa kwenye kibandiko cha 3.

Akafunga mdomo. Alivuta pumzi, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa ngapi: "Fundi, sauti za simu zinakaa diski namba ngapi?"

"Mbili."

"Toa mkono mmoja mfukoni. Nionyeshe kwa kidole."

Fundi, hana hili wala lile, aligusa kidroo chenye kibandiko cha 3.

"Hapo pameandikwa tatu."

"Ah, hivyo vibandiko." Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza siku ile. "Aliviweka mtunza stoo, kahesabu kama watu wanavyohesabu. Mashine inaanza na sifuri. Sifuri, moja, mbili, tatu. Sisi mafundi tumeshazoea, vibandiko hatuvioni tena."

"Na diski namba moja, yaani kibandiko cha pili, ina nini?"

"Programu. Ile inayozipanga sauti na kuzifungua. Ikikosekana hiyo, orodha ya sauti inaonekana tupu, kama vile hakuna kitu."

"Hujaingia juu tangu Jumatano."

"Sijaingia. Niliambiwa diski ya sauti imeungua."

"Mtu mwingine alishakuuliza swali hili nililokuuliza? Sauti zinakaa diski namba ngapi?"

Fundi alikunja uso, akafikiri. "Msimamizi. Jumatano mchana, kwa simu. Nilishangaa kidogo, maana hajawahi kuuliza habari za diski. Nikajua labda zile barua zangu zimemwingia."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia mbili."

Inspekta aliona jambo likimwingia taratibu Fundi mwenyewe. Mtu wa kazi ile, hata usingizini, asingechomoa kibandiko cha pili akitaka diski namba mbili. Kosa lile lingeweza kufanywa na mtu mmoja tu, aliyepewa namba ya mashine akaitafuta kwa macho ya binadamu.

"Afande," Fundi alinong'ona, "kama alichomoa ya programu, sauti hazijaenda popote. Ziko juu. Zimekaa pale pale."

"Zinafunguka?"

"Kwa programu ya huyu wa chini. Huyu programu yake ni nzima, mbovu ni diski yake ya sauti. Tukiileta ile ya juu tukaitia hapa, mapacha wawili watakuwa mtu mmoja."

"Basi toa mikono mfukoni, ndugu yangu. Twende."

Inspekta ndiye aliyeibeba. Aliipakata diski ile kifuani kwa mikono miwili, akashuka ngazi ubavu ubavu, mguu mmoja ukitafuta kabla mwingine haujaacha, na Fundi akitangulia kinyumenyume akimwambia polepole afande, polepole. Mpokea simu mmoja aliyekuwa akipanda na kikombe chake aliwapisha akidhani wamebeba kitu cha kulipuka. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa saba na nusu, na Mkuu alikuwa amepiga mara mbili bila kupokelewa.

Kijitaa cha kidroo cha tatu kilizimika, kikawaka kijani. Fundi aliandika, akasubiri, akaandika tena. Kisha orodha ikaanza kushuka: Jumatatu, Jumanne. Akabonyeza, na sauti ya mwanamke ikajaa chumba chembamba, imetulia, ya mtu anayejua kazi yake.

"Bosi, naomba gari. Pumu kali, mgonjwa hawezi kuongea. Mtaa nimekutumia."

Na sauti ya Msimamizi, mdomoni kuna kitu anatafuna: "Limeshatoka. Mwambie liko njiani."

Fundi aliziba uso kwa viganja. Inspekta akamfanyia ishara aendelee. Dakika chache mbele, mwanamke tena: "Bosi, gari halijafika, hali mbaya." Na jibu: "Nimekwambia liko njiani. Usinisumbue." Kisha ikafuata rekodi nyingine, ya kutoka meza ya Msimamizi kwenda kwa dereva: "Wewe maliza kwanza. Ukishamshusha binti yangu shuleni na sanduku lake, ndiyo upite kwa huyo wa pumu. Hawa kila siku wanakufa na kila siku hawafi."

"Mwite," Inspekta alisema.

Msimamizi alikuja akitengeneza kola. Alimwona Fundi kwenye kibodi, akaona vijitaa vinne vya kijani, na mwendo ukapungua.

"Afande, huyu mtu amekatazwa."

"Nimemruhusu mimi. Jisikilize mwenyewe kidogo." Fundi akabonyeza. "...binti yangu shuleni na sanduku lake."

Kijasho chembamba kilimtoka Msimamizi juu ya mdomo. "Haiwezekani. Namba mbili niliichomoa ikiwa nzima, kwa mkono wangu, nika..." Akaufyata ulimi, lakini maneno yalikuwa yameshatoka na Inspekta alishayapokea.

"Uliichomoa namba mbili ya vibandiko. Mashine inaanza na sifuri, bwana. Ungemuuliza fundi vizuri angekufundisha, si mchoyo. Geuka, leta mikono."

Mkuu alipopiga tena, Inspekta alipokea. Alimweleza kwa sentensi chache kwamba jalada liko tayari ila jina la mshitakiwa limebadilika, akamwacha amalize kukohoa. Kisha akapiga mahabusu, akaomba mpokea simu apewe simu.

Alikuwa ameipanga habari ile njema tangu ngazini. "Ni mimi niliyekukamata," alisema. "Nilikukosea. Unaachiwa sasa hivi, shemeji yako anakuja kukuchukua. Rekodi tumeipata, tumekusikia ukiomba gari."

Ile sauti iliyotulia ikasema: "Lilikwama wapi, afande? Tangu jana niko humu najiuliza lilikwama wapi."

Inspekta alimtazama Fundi, naye akatazama pembeni.

"Halikukwama. Lilikuwa limempeleka binti wa Msimamizi shule. Alikudanganya."

"Kwa hiyo halikuwa njiani."

"Halikuwa."

Kwa mara ya kwanza sauti ile ikatetemeka.

"Yule baba alikuwa amemshika mkono mke wake. Mimi ndiye niliyemwambia mwache kidogo, nenda dirishani, ukiliona uwapungie wasiipite nyumba. Akaenda. Akaniambia halioni. Nikamwambia endelea kutazama."